MIKONO YENYE VIPELE: Acha jiwe, shika mafuta!

JUMAMOSI moja ya mwezi wa sita, Mbinga mjini. Ukumbi umejaa, muziki unapigwa, na wapambe sita wa sendofu wanasubiriwa waingie. Magauni yenyewe ya rangi ya dhahabu, mikono wazi, mgongo nusu. Wakaingia watano. Wa sita, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa bado kule nyuma kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Amevaa jaketi la jinzi juu ya gauni, amefunga vifungo mpaka shingoni, na hataki kulivua. Kila anayemuuliza anajibiwa, "Nasikia baridi."

Baridi ilikuwepo kweli, nisiwe mwongo. Anayeijua Mbinga ya Juni na Julai anajua kwamba hata mkaa haushiki sawasawa asubuhi. Lakini mimi nilijua siyo baridi. Nikamvuta pembeni, nikapandisha mkono wa blauzi yangu mpaka begani, nikamwambia, "Gusa hapa." Akagusa. Vipele vidogo vidogo, vikavu, vimejipanga kama mchanga uliogandishwa kwa gundi. Akacheka kidogo, halafu machozi yakamtoka.

"Kumbe na wewe dada?"

Na mimi, mpenzi msomaji. Na huenda na wewe unayesoma hapa huku umejifunika mikono mirefu katikati ya joto la Dar. Basi leo tuongee wazi, maana jambo hili watu wanalificha kama deni, na katika kulificha wanajiharibu.

Maana alipolivua lile jaketi ndipo nilipoona kilichomliza. Vipele vilikuwepo, ndiyo, lakini vile vilikuwa kitu kidogo. Kuanzia begani hadi karibu na kiwiko ngozi ilikuwa imepauka, nyembamba, inang'aa kama ganda la kitunguu, na mistari myekundu imepita kama ya mama aliyetoka kujifungua. Mtoto wa miaka 19! Nikamuuliza amepaka nini. Akatoa kwenye pochi kikopo cha plastiki, hakina jina, hakina tarehe, hakina chochote. Ameuziwa kwenye duka moja la vipodozi, akaambiwa apake asubuhi na jioni, vipele "vitakimbia vyenyewe". Alikuwa na mwezi wa tatu anapaka.

Nitarudi kwenye hicho kikopo. Kwanza tujue adui mwenyewe ni nani, maana nusu ya tabu yetu ni kupigana na kitu ambacho siyo adui.

SIYO UCHAFU, SIYO UGONJWA WA KUAMBUKIZA

Vipele hivi vina jina la kitaalamu: keratosisi pilarisi. Jina refu, mambo yenyewe mepesi. Ngozi yetu inatengeneza kitu kinachoitwa keratini, ndicho hicho hicho kinachotengeneza kucha na nywele. Kwa watu wengine keratini inajikusanya kwenye kitundu cha kinyweleo na kukiziba, kama kizibo kwenye mdomo wa chupa. Juu kinatokeza kipele kigumu, na mara nyingine kinyweleo chenyewe kinabaki ndani kimejikunja kama mtoto tumboni. Zidisha mara mamia, unapata mkono wangu.

Mahali pake ni palepale siku zote: nyuma ya mikono kuanzia begani kushuka, mbele ya mapaja, makalio, na kwa wengine mashavuni. Haviumi. Kuwasha ni kidogo au hakuna kabisa. Havina usaha. Haviambukizi kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja wala kuazimana nguo, kwa hiyo yule rafiki yako anayekunyima sweta lake mwambie atulie.

Ni vya kurithi. Ukitaka kujua umevitoa wapi, pandisha mikono ya wazazi, shangazi na wajomba, utampata mhusika. Mimi wa kwangu ni mama mzazi, ambaye ameishi navyo miaka yote bila kujua vina jina, na nilipomwambia akaniuliza, "Sasa jina linasaidia nini?" Mara nyingi vinaanza utotoni, vinapamba moto mtu anapobalehe, halafu kwa wengi vinapungua vyenyewe umri ukishavuka 30. Na siyo wachache: makadirio ya madaktari wa ngozi yanasema kati ya nusu na asilimia 80 ya vijana wanaobalehe wanavyo, wengine vingi, wengine vya kutafuta kwa kidole, na kwa watu wazima ni kama asilimia 40. Yaani ukumbini siku ile, kati ya wale wapambe sita, sisi hatukuwa peke yetu. Ni vile tu kila mmoja alifikiri ni wa kwake.

Watu wenye ngozi kavu kwa asili, wenye pumu ya ngozi au familia zenye pumu ya kifua, ndio vinawapenda zaidi. Na sisi weusi tuna nyongeza yetu: kipele ukikikwaruza, kinapona lakini kinaacha doa jeusi linalokaa miezi. Watu wengi wanaolalamika "vipele haviondoki" wanalalamikia madoa waliyojitengenezea kwa kucha zao.

KUKU WA KISASA

Nilipokuwa sekondari jina langu lilikuwa Kuku wa Kisasa. Sare yetu ilikuwa shati la mikono mifupi, na siku ya netiboli ndiyo kabisa, mapaja nje. Msichana mmoja alinigusa mkono kwenye mstari wa chakula, akapiga kelele kwamba nimenyonyolewa manyoya. Basi, miaka minne. Wavulana nao wakaokota. Ukiwa na miaka 15 jina la namna hiyo halikutoki moyoni hata ukilicheka.

Dawa niliyojiandikia mwenyewe ilikuwa jiwe. Lile jiwe la kusugulia visigino. Nilikuwa naamka kabla ya wenzangu, maji ya Mbinga ya alfajiri unayajua, nasugua mikono kwa jiwe na sabuni ya mche ya kufulia mpaka inawaka moto. Siku hiyo moja mkono unakuwa laini, natembea kifua mbele. Kesho yake ngozi imekauka, inauma. Keshokutwa vipele vimerudi na ndugu zao, vyekundu, na baada ya wiki madoa. Narudi kwenye jiwe. Nilikuwa nazima moto kwa petroli.

Leo naelewa nilichokuwa nafanya. Ile sabuni kali inaondoa mafuta ya asili ya ngozi, na jiwe linachubua tabaka la juu. Ngozi ikishachubuliwa inajihami kwa kujenga tabaka jingine, nene zaidi, yaani keratini zaidi, vizibo zaidi. Ukiacha dodoki gumu, jiwe na brashi ya kufulia, na hiyo ipo jamani, nimeshuhudia, tayari umeshafanya nusu ya matibabu bila kutoa senti.

ZIWANI NDIPO NILIPOSHTUKA

Kilichonifungua macho ni safari, siyo daktari. Upande wa mama kwetu ni Mbamba Bay. Zamani Mbinga na pwani yote ile ya Ziwa Nyasa ilikuwa wilaya moja, mpaka Wilaya ya Nyasa ilipomegwa mwaka 2012. Siku hizi kuna lami, kama kilomita 66, unashuka na kona zake unaanza kusikia joto linapanda kwenye dirisha la gari. Milima ya Umatengo inakwenda kukaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini, kwenye mita 475 hivi. Ni kama umeshuka nchi nyingine.

Nilimaliza kidato cha nne nikaenda kukaa kwa bibi miezi miwili. Jiwe nilisahau Mbinga. Wiki ya tatu naoga, nikapitisha mkono begani, nikadhani nimegusa mkono wa mtu mwingine. Vipele havikuwa vimekwisha, lakini vilikuwa vimelala. Nikaamini ni maji ya ziwa. Nikaanza kuhubiri mtaani kwamba Nyasa inatibu ngozi! Nikarudi Mbinga mwezi wa sita, siku kumi tu, Kuku wa Kisasa huyo hapo.

Siyo maji ya ziwa. Ni hewa. Kule chini hewa ina joto na unyevu, ngozi haikauki, vizibo vinalainika. Huku juu kipindi cha baridi hewa ni kavu, upepo unakausha midomo na visigino, watu tunaoga maji ya moto kweli kweli, tunakaa karibu na jiko, halafu tunavaa sweta la sufu linalosugua mkono mchana kutwa. Msimu wenyewe ndio wa kuvuna kahawa, kwa hiyo unaamka alfajiri, mikono mirefu, umande, jua, vumbi. Kila kitu ambacho ngozi hii haikipendi kinakuja kwa pamoja. Na wenzetu wa Ulaya na Marekani wanasimulia hivyo hivyo: wakati wa baridi vinawaka, kiangazi chao vinatulia.

Kwa hiyo usikimbilie kwenda kujilowesha ziwani kama dawa. Ziwa Nyasa lina kichocho, na vijidudu vyake vinaingia kwa kupenya ngozi ukiwa umesimama kwenye maji ya kando kando, hasa penye konokono na majani. Utatoka na vipele vingine vya kuwasha juu ya vile ulivyokuja navyo. Samaki wa bibi kula, upepo wa jioni ufaidi, maji ya kuoga chota ya bomba au kisima.

Somo nililotoka nalo ni hili: kama hewa yenye unyevu inavilaza vipele, basi kazi yangu nikiwa Mbinga ni kuubeba ule unyevu mwenyewe.

NINAVYOFANYA SIKU HIZI

Naoga mara moja au mbili, dakika chache, maji ya vuguvugu. Najua nikisema vuguvugu kwa mtu wa Mbinga mwezi wa saba ananiona adui, lakini maji ya moto yanayotoa moshi yanaondoka na mafuta ya mwili wako wote. Sabuni ni ya kuogea ya kawaida, ile isiyo na marashi makali, na siisugui mikono nzima kila siku. Kwapa, miguu na mahali penye jasho ndipo panapohitaji sabuni. Kitambaa laini cha pamba kinatosha. Dodoki siku hizi nalitumia kuoshea sufuria.

Nikimaliza najifuta kwa kugusagusa na taulo, ngozi inabaki na unyevu, na hapo hapo kabla sijavaa napaka mafuta. Hii ndiyo siri yenyewe, kama ni siri. Mafuta hayaleti maji, yanafunga maji yaliyopo. Ukikaa ukapiga soga nusu saa ndipo upake, umefungia ukavu. Nusu dakika hiyo ya kupaka ukiwa bado na majimaji ndiyo iliyonibadilisha mimi kuliko kopo lolote la bei mbaya.

Mafuta gani? Yale ya mgando ya kawaida, ya kopo, yasiyo na harufu, yanayouzwa kila duka kuanzia Mbinga hadi Liuli. Ni bei nafuu na hayana ubaya. Wanaosema yanafanya mtu ang'ae kama gari jipya wapake kidogo usiku wakalale. Gliserini pia ni nzuri, ila usiipake kavu kavu: changanya na maji kidogo au ipake kwenye ngozi iliyolowa, maana yenyewe inavuta maji, na kwenye hewa kavu isipoyapata nje itayavuta kutoka kwako. Mafuta ya nazi mazuri kwa wengi. Parachichi, ambalo Mbinga tunalo mpaka nguruwe wanachagua, mimi nashauri ule.

Kuna hatua ya pili kwa anayetaka zaidi: dawa za kulainisha vile vizibo vyenyewe. Ya kwanza ni krimu ya yurea. Yurea ya asilimia 5 na 10 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo siyo urembo wa matajiri. Inalainisha keratini na kushika maji. Ya pili ni krimu yenye asidi ya maziwa, na ya tatu ni ya asidi ya salisiliki. Watafiti wa Thailand walizishindanisha hizi mbili za mwisho, wakatoa matokeo mwaka 2015: baada ya wiki 12 waliopaka asidi ya maziwa ya asilimia 10 vipele vyao vilipungua kwa asilimia 66, na waliopaka salisiliki ya asilimia 5 vilipungua kwa asilimia 52. Angalia maneno mawili hapo. "Vilipungua", hawakusema vilikwisha. Na "wiki 12", siyo siku tatu kama wanavyokuahidi dukani.

Rafiki yangu mmoja aliposikia asidi ya maziwa akaniuliza kama apake maziwa ya mgando. Mwenzangu, iliyomo humo ni kidogo na utanuka. Mafuta ya mgando upake, maziwa ya mgando unywe.

Dawa hizi zinapakwa usiku mmoja, unaruka mmoja, halafu ukiona ngozi imezizoea unaongeza. Zikichoma sana, pumzisha. Usizipake palipochubuka wala mara baada ya kunyoa. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasijipakie salisiliki mwili mzima, waulize kwanza kwa mganga. Wengine wanaandikiwa krimu za jamii ya vitamini A, tretinoini na wenzake. Hizo mjamzito hazimfai kabisa, na hata asiye mjamzito azitumie kwa maelekezo.

Utazipata wapi? Anzia duka la dawa muhimu. Haya maduka tuyaheshimu, kwanza ni ya kwetu: mpango wake ulianza kwa majaribio hapa hapa mkoani Ruvuma mwaka 2003, ndipo ukasambaa nchini. Wakikuambia hawana krimu ya yurea, famasi za Songea ndiko kwa kuulizia ukipita huko. Usipopata kabisa, usijione umekosa bahati. Mafuta ya mgando na uvumilivu vinafanya sehemu kubwa ya kazi.

Kaka zangu mnaosoma kimya kimya mkijidai ni safu ya kinadada, na nyinyi mnavyo. Jamaa mmoja namfahamu anacheza mpira na fulana ya mikono mirefu ndani ya jezi, jua kali, anasema ni staili. Mnaonyoa ndevu na mnaonyoa vinyweleo, kumbukeni: wembe mkavu juu ya vipele ni kuvikata vichwa na kukaribisha majipu. Lowesha kwanza, paka povu, nyoa kufuata vinyweleo vinakolala, na wembe wako usimwazime mtu.

SASA KILE KIKOPO

Nimesema nitarudi. Krimu isiyo na jina inayolainisha ngozi ndani ya wiki moja na kukutakatisha juu yake, mara nyingi ina kitu kimoja kati ya vitatu: steroidi kali kama betamethasone au clobetasol, haidrokwinoni, au zebaki. Ndiyo mambo ya mkorogo hayo. Vyote vitatu vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu, na mamlaka zimekuwa zikikamata na kuteketeza shehena kwa shehena, ila biashara inahamia kwenye vikopo visivyo na lebo.

Steroidi yenyewe ni dawa halali, daktari anaiandika kwa ugonjwa wake, kwa muda wake. Ubaya ni kupaka mwezi wa tatu kwa vipele ambavyo wala havikuihitaji. Mwanzoni inapendeza, uwekundu unatulia, unasifia. Halafu ngozi inakonda, mishipa inaonekana, mistari inapasuka, chunusi zinafumka, na ukiacha ghafla ngozi inakasirika kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo unaogopa kuacha. Unakuwa mteja wa kudumu. Vipele navyo vipo palepale, maana steroidi haiondoi kizibo cha keratini.

Mdogo wangu nilimpeleka hospitali Jumatatu yake, na kikopo mkononi. Hilo naomba ulishike: nenda na kopo lenyewe, usilitupe kwa aibu. Aliyetuhudumia alilinusa, akalitazama, akatikisa kichwa, akampangia namna ya kupunguza taratibu badala ya kukata siku moja. Kuhusu mistari akamwambia ukweli: itafifia, wekundu utaondoka, lakini yote haitafutika. Alilia tena njiani. Vipele visivyo na madhara vilimgharimu alama za maisha, na hilo mimi linaniuma kuliko jina la Kuku wa Kisasa.

SIYO KILA KIPELE NI HIKI

Msinisome nusu. Mkoa wetu una magonjwa ya ngozi ya kweli, na mtu asije akakaa nayo akisema "yule dada kaandika havina neno".

Kama vinawasha usiku kucha, viko katikati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni, na nyumbani wote mnajikuna, huo ni upele, unatibika, mtibiwe wote siku moja. Duara lenye ukingo unaokua ni choa, hiyo ni fangasi. Na kama unaishi au ulikulia karibu na mito yenye maji ya kasi, unawashwa mwili mzima miezi na miezi, ngozi inakuwa nene na iliyokunjamana kama ya mjusi, kumbuka kwamba Ruvuma ni moja ya mikoa yenye ugonjwa wa usubi, ule unaoweza kufikia macho. Dawa zake zinagawiwa bure vijijini. Mkipangwa mstari msijifiche chooni.

Kuna kingine kinachofanana sana na vipele vyetu. Mwaka 1933 daktari mmoja aitwaye Loewenthal aliandika habari za wafungwa nchini Uganda waliotoka vipele vigumu kwenye vitundu vya vinyweleo, na wengi wao macho yalikuwa yanawasumbua, hawaoni sawasawa giza likiingia. Akawapa mafuta ya ini la samaki. Ngozi ikatulia, macho yakarudi. Ilikuwa upungufu wa vitamini A. Mwaka huo huo daktari mwingine, huko Sri Lanka ya leo, akaipa hali hiyo jina lenye maana ya ngozi ya chura. Kwa hiyo mtoto mwenye vipele vingi viwikoni na magotini, tena anajikwaa jioni, huyo siyo wa kupaka mafuta ukanyamaza, mpeleke kituo cha afya. Na chakula kipo: dagaa wa Nyasa wanaoliwa wazima, maini, mboga za majani, maembe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Ila ukila vizuri na bado una vipele vya mkononi kama mimi, usijilaumu. Vya kurithi haviondolewi kwa dagaa. Nimejaribu, na dagaa nawapenda.

Wataalamu wa ngozi kwetu kusini ni wachache, hilo tulijue. Kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi kilichoanza mwaka 1992, kinachofundisha madaktari na pia matabibu wanaorudi kufanya kazi mikoani. Kwa hiyo ukifika hospitali ya wilaya uliza kwa jina: nani hapa amesomea ngozi, na siku zake ni zipi? Unaweza kuokoa nauli ya kwenda mbali.

Siku ile ya sendofu mdogo wangu aliingia ukumbini mwisho kabisa, mtandio wangu mabegani, akacheza wimbo mmoja akakaa. Kwenye picha ameshika ncha za mtandio kama anaogopa upepo.

Juzi amenipigia simu kutoka Mbinga. Baridi imeanza, kopo la mafuta limekwisha, nimtumie kubwa zaidi kwa gari la jioni. Nikamuuliza vipele vinaendeleaje. "Vipo," akasema, kama mtu anayeulizwa hali ya majirani. Halafu akaniambia ameshonesha gauni la Pasaka ijayo, mikono mifupi, na fundi ameshalipwa.